Ng na ng': mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto kuandika ritifaa mahali pake

Mwalimu amesahihisha *ngombe* kwa wino mwekundu tangu muhula uanze. Nyumbani mzazi amemwandikisha mtoto *ng'ombe* ukurasa mzima. Ikifika imla mtoto anaandika *ngombe* vilevile, au *ngo'mbe*, au anaandika *ng'oma* na *ng'uo* huku akiamini amepata. Walimu wa madarasa ya chini na wazazi huniletea swali hili mara kwa mara, na karibu wote huwa wameshajaribu dawa ileile: kunakilisha.

Kunakilisha hakutibu kosa hili, maana kosa halianzii mkononi. Ritifaa, yaani kile kialama cha juu ('), katika ng' haifanyi kazi kama nukta au mkato. Ni sehemu ya herufi, na inaonesha sauti nyingine kabisa. Mtoto asiyeisikia sauti hiyo hana cha kuandika, kwa hiyo anakisia, na kila unapomsahihisha anabahatisha upya. Ndiyo maana hapa tunaanza na sikio, tunakwenda mdomoni, na penseli inaingia mwishoni.

Hatua hizi zinamfaa mtoto anayeweza kusoma silabi rahisi, yaani Darasa la Pili kwenda juu. Hata wa Darasa la Sita anayekosea aanzie palepale, ila atapita haraka zaidi.

## Vifaa

- Kioo kidogo cha mkononi.
- Karatasi ya manila au boksi kuukuu, mkasi na kalamu ya wino mzito, kwa ajili ya kadi.
- Makopo 2 au mabakuli 2.
- Daftari lenye mistari, penseli na raba.
- Kalamu ya rangi moja tu, nyekundu au ya bluu.
- Kamusi ya Kiswahili, kwa ajili yako wewe. Utaihitaji kuliko unavyodhani.

Tenga dakika 15 kwa siku. Zikizidi hapo sikio linachoka, na sikio likichoka mtoto anarudi kukisia.

## Kabla ya kuanza: jua mtoto anakosea vipi

Msomee maneno matano aandike bila msaada: *ng'ombe, ngoma, nung'unika, nguo, ng'ang'ania*. Usimsahihishe. Angalia tu.

Akiandika *ngombe* na *nungunika*, ritifaa haipo kichwani mwake kabisa. Aanze hatua ya 1 bila kuruka kitu.

Akiandika *n'gombe* au *ngo'mbe*, anajua kuna kialama ila hajui kinakaa wapi. Hatua ya 1 na ya 2 azipite haraka, akae sana kwenye ya 3 na ya 4.

Akiandika *ng'oma* na *ng'uo*, ameshafundishwa nusu. Huyu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu amewahi kusifiwa kwa kuweka ritifaa, sasa anaiweka kila aonapo ng. Apitie zote, na hatua ya 6 airudie.

Akiandika *ng'angania*, ya kwanza ipo na ya pili haipo, tatizo lake ni kugawa silabi. Hatua ya 5 itamfaa zaidi.

## Hatua ya 1: Sikio peke yake

Mtoto akupe mgongo, au funika mdomo wako kwa karatasi. Mwambie utasema maneno mawili mawili, naye anyanyue mkono anaposikia lile la aina ya *ng'ombe*. Asiandike chochote wala asisome popote.

Anza na jozi hizi:

- ngoma, ng'ombe
- ngao, mng'ao
- ngoja, ng'oa
- danganya, nyang'anya
- kunguru, kung'uta
- Tanga, Murang'a
- ngata, ng'ata

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa kila kitu ndani yake kinafanana isipokuwa sauti tunayoitafuta. Ngata ni ile kata ya nguo au majani anayoweka mtu kichwani ili abebe ndoo. Kung'ata ni kuuma kwa meno. Watoto wengi wa mjini hawaijui ngata, basi chukua kanga, isokote, iweke kichwani mwake na kitabu juu yake. Kisha mwambie: “Mbwa ameng'ata ngata ya mama.” Mwache airudie mpaka aone kwamba sauti moja tu ndiyo inayotenganisha kitendo na kitu.

Sababu. Mtoto huandika anachosikia. Kama kwake *ngata* na *ng'ata* ni sauti moja, hakuna kanuni ya maandishi itakayomsaidia.

Tahadhari. Badilisha mpangilio ndani ya jozi. Ukisema ng' ya pili kila mara, mtoto mwerevu ataligundua hilo na kunyanyua mkono kwenye neno la pili bila kusikiliza. Tena usikaze sauti kupita kawaida. Tamka kama unavyotamka ukinunua nyama buchani.

Tahadhari nyingine inakuhusu wewe. Wapo watu wazima wengi wanaotamka *ng'ombe* kwa g inayosikika, hasa kama lugha yao ya kwanza haina sauti hii. Kama ndivyo ulivyo, mwombe mwingine aongoze hatua hii na ya pili. Haina aibu. Ukilazimisha, mtoto atajifunza kwa usahihi kabisa kile unachokitamka.

Utajua amefaulu akipata jozi 10 mfululizo bila kukuona mdomo, na mkono wake unapanda papo hapo bila kusubiri uso wako.

## Hatua ya 2: Mdomo na pua

Sauti ya ng' ni king'ong'o. Nyuma ya ulimi hupanda na kugusa kaakaa laini, hewa ikazuiwa mdomoni, ikapitia puani. Ng ya *ngoma* huanza hivyohivyo, lakini mwishoni ulimi unaachia kwa ghafla na g inapasuka. Kwa kuwa mwanzo ni mmoja, ni haki ya mtoto kuchanganyikiwa.

Jaribio la pua ndilo linalomfungua macho. Mwambie afungue mdomo na avute *ng'ng'ng'* kwa muda mrefu. Akiwa katikati, abane pua kwa vidole viwili. Sauti itakatika palepale. Sasa avute *aaaa* na abane pua tena. Sauti itaendelea. Watoto hucheka hapa na kutaka kurudia, nawe waache warudie.

Kisha aseme *ng'ooombe* polepole, halafu *ngoooma*. Kwenye *ng'ombe* mvumo wa puani unateleza moja kwa moja hadi kwenye o. Kwenye *ngoma* kuna kishindo kidogo cha g kabla ya o. Muulize: “Kishindo kipo wapi?” Akijibu sawasawa, muulize kuhusu *ngazi, ng'aa, nguo, ng'oa*.

Kioo kinathibitisha. Akishike chini ya pua na kuvuta ng'. Kioo kitafifia kwa mvuke. Akisema *ga, ga, ga* hakitafifia. Pwani kwenye joto mvuke hauonekani vizuri, basi kitie kioo kwenye maji baridi kwanza, ukikaushe, ndipo ukitumie.

Tahadhari. Usifanye zoezi hili mtoto akiwa na mafua. Pua iliyoziba inaharibu sauti yote, na utadhani hawezi kumbe anaumwa.

Mtoto akisema *nombe* au *nyombe*, usimwambie tu “hapana”. Mwambie aanze kusema *nga* taratibu sana, asimame kabla g haijapasuka, aushikilie mvumo, kisha afungue mdomo kwenye a. Itatoka *ng'a*.

Kwa familia zinazolea watoto Uingereza au Marekani kuna njia fupi, maana mtoto wao tayari ana sauti zote mbili, ila kwa Kiingereza. Neno *king* linaishia na ng' yetu. Mwambie aseme *singer* na *finger*: katika la kwanza hakuna g, katika la pili g inasikika waziwazi. Anachokosa ni mazoea ya kuanza neno kwa sauti ya *king*, kwa sababu Kiingereza hakiianzishi neno kwa sauti hiyo. Njia hii haitawafaa wanaokaa Liverpool, Manchester au Birmingham, kwani wenyeji wengi wa huko hutamka g hata katika *singer*.

Familia zilizoko Oman na Ghuba zina kazi kubwa kidogo, kwa sababu Kiarabu hakina herufi ya sauti hii. Mtoto anayesoma kwa Kiarabu shuleni aongezewe siku kwenye hatua hii kabla ya kuona maandishi.

Utajua amefaulu akitamka *ng'ombe, ng'ambo, nung'unika* na *king'ora* bila g, na akikusahihisha wewe ukikosea kwa makusudi. Mkosee kweli. Sema “ngambo” umsikilize.

## Hatua ya 3: Kadi moja, herufi moja

Sasa maandishi yanaingia, lakini bado si penseli. Kata kadi. Andika ng' kwenye kadi moja, ng kwenye nyingine. Kila irabu ipate kadi yake, kisha ongeza silabi za kumalizia: *mbe, mbo, ma, zi, ta, ja*.

Mkumbushe kwamba ch, sh na ny anaziandika kwa herufi mbili kila siku na kila moja ni sauti moja tu. Ng' ni jamaa yao, ila yenyewe inavaa kialama juu. Mpe jina lake: ritifaa. Wapo wanaoiita kibainishi, na kitabu chake cha shule kinaweza kutumia jina hilo. Chagua moja, ulitumie siku zote.

Mtoto ajenge: ng' + o + mbe. Kisha ng + o + ma. Kila akimaliza, asome kwa sauti huku kidole kikiwa kwenye kadi ya kwanza.

Sababu. Kadi ya ng' haigawanyiki, kwa hiyo ritifaa haina njia ya kuhamia juu ya o wala kuingia kati ya n na g. Mtoto anazoea kuiona mahali pamoja.

Tahadhari. Usitengeneze kadi ya n, kadi ya g na kadi ya ritifaa. Nimeona madarasa yakifanya hivyo kwa nia njema, na hapo ndipo *n'gombe* inapozaliwa.

Utajua amefaulu akichagua kadi sahihi kabla hujamaliza kutamka neno.

## Hatua ya 4: Mkono

Kaa pembeni ya mtoto umtazame anavyoandika *ng'ombe*. Wengi huandika n, g, o, m, b, e kwa mfululizo mmoja. Penseli inainuka, inasita hewani, kisha inarudi nyuma kutafuta pa kuweka kialama. Inatua juu ya o, au kati ya n na g, au inafika mahali pake kwa bahati. Yaani kwake ritifaa ni kitu cha kurudia mwishoni, kama anavyorudi kuweka kitone juu ya i.

Hapa ndipo pa kubadilisha. Kanuni ya mkono ni moja: n, g, ritifaa, ndipo irabu. Penseli isiguse o kabla ritifaa haijawekwa. Mwambie aseme kwa sauti anapoandika: “n, g, ritifaa, o.” Fanya hivyo kwa mstari mzima wa ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u, kisha kwa maneno matatu tu: *ng'ombe, ng'oa, ng'aa*. Maneno mengi kwa siku ya kwanza yanaharibu mwendo wa mkono.

Kwa siku chache za mwanzo aandike ritifaa kwa kalamu ya rangi. Kule kubadilisha kalamu kunamlazimisha asimame mahali sahihi. Baada ya hapo ondoa rangi, la sivyo ataifanya pambo.

Mambo ya umbo, kwa ufupi:

- Ritifaa inakaa juu, usawa wa kichwa cha b au l. Ikishuka kwenye mstari inakuwa mkato.
- Isiguse g, wala kusiwe na nafasi ya kupitisha kidole kati yake na irabu. *Ng' ombe* ni kosa.
- Mwanzo wa sentensi n peke yake ndiyo kubwa: *Ng'ombe*. Kichwa cha habari chenye herufi kubwa tupu ni *NG'OMBE*.
- Mstari ukiisha katikati ya neno, ng' isikatwe. Inahamia mstari wa chini pamoja na irabu yake.

Utajua amefaulu penseli ikiacha kurudi nyuma. Tazama mkono kuliko unavyotazama neno lililoandikwa. Neno linaweza kuwa sahihi kwa bahati, mwendo wa mkono haudanganyi.

## Hatua ya 5: Koo za maneno

Ritifaa hufuata mzizi. Mzizi ukiwa nayo, watoto wake wote wanayo, hata ukiuvika viambishi vingapi.

*Ng'oa* inazaa ng'oka, ng'olewa, nitang'oa, limeng'oka, haling'oki. Mtoto aliyetoka kung'oka jino atakuandikia ukoo huu kwa furaha.

*Ng'aa* inazaa inang'aa, ng'arisha na mng'ao.

*Ng'amua* inazaa king'amuzi, na kwa kuwa king'amuzi kipo sebuleni chini ya televisheni, neno hilo lisiwe geni kwake.

*Ng'ang'ania* inazaa king'ang'anizi na waling'ang'ania. Hapa mpigishe makofi kwa silabi: ng'a-ng'a-ni-a. Makofi mawili ya kwanza yanatoa sauti ileile, kwa hiyo kila moja lina ritifaa yake. Fanya vivyo hivyo kwa *king'ong'o*: ki-ng'o-ng'o.

Kwa wakubwa kidogo ongeza *ng'atuka*, neno lililoenea nchini Tanzania kwa Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985. Kung'atuka, aling'atuka, wang'atuke.

Kisha yapo maneno yenye ng' katikati, ambayo hayana budi kukaririwa kwa kuwa ni machache: *nong'ona, nung'unika, nyang'anya, kung'uta, mung'unya, kigong'ota*. Yabandike ukutani. Mnong'ono, manung'uniko, unyang'anyi na kinyang'anyiro yanafuata nyuma yake.

Tahadhari. Ng'ombe mkubwa huitwa *gombe*, na hapo king'ong'o chenyewe kimeondoka. Mtoto akiuliza, mjibu. Asipouliza, usimtwishe leo.

Utajua amefaulu ukimpa mzizi mmoja ambao hajawahi kuuandika, mathalani *ng'ata*, naye akakuandikia *ameng'atwa* na *wanang'atana* bila kuangalia popote.

## Hatua ya 6: Kuizuia isimwagike

Wengi huacha kufundisha baada ya hatua ya 5, na wiki moja baadaye daftari linajaa *ng'uvu, ng'azi, mg'ongo* na *rang'i*. Usishangae. Umemfundisha mtoto kuweka ritifaa, hujamfundisha kuacha kuiweka. Na katika Kiswahili, maneno yenye ng tupu ni mengi mno kuliko yenye ng'. Kwa hiyo hatua hii inastahili siku nyingi kuliko zote.

Andika kadi 20: 13 za ng na 7 za ng'. Zichanganye. Kopo moja ni la g inayosikika, kopo la pili ni la puani. Mtoto achukue kadi ambazo umeziandika zote bila ritifaa, asome kwa sauti, aamue kopo, na zile za puani aziongezee ritifaa mwenyewe kabla ya kuzitupia. Kwa ng tumia: ngoma, nguo, nguvu, ngazi, ngozi, ngano, ngamia, nguruwe, mgongo, shingo, rangi, kitunguu, changanya. Kwa ng': ng'ombe, ng'ambo, ng'aa, king'ora, nong'ona, nyang'anya, kung'uta.

Mpe pia silaha mbili za kufikiri, kwa pale sikio linaposita.

Ya kwanza: tafuta g katika ndugu wa neno. *Mtihani mgumu, kazi ngumu.* *Mtu mgeni, nchi ngeni.* Ikiwa g inaonekana peke yake kwa ndugu, basi hata kwenye ng bado ni g, na ritifaa haihitajiki. (Gombe ndiyo imevunja kanuni hii. Nimesema usimtwishe.)

Ya pili: maneno tuliyoyapokea kutoka lugha nyingine, kama *bangili, rangi, tangi* na *Kiingereza*, yana g.

Kisha yapo ya kutegea, ambayo hata watu wazima huyakosea. *Nge*, yule mdudu mwenye mkia wa sumu, haandikwi kwa ritifaa. *Nguruma* na *ngurumo* hayana. *Ngariba* halina. *Ngedere* halina. Upande wa pili, *ng'o* ya “Sitaki, ng'o!” inayo, na ndilo neno fupi kuliko yote. Watoto hulipenda mno, litumie.

Mkibishana, fungueni kamusi pamoja. Mtoto anayeona mtu mzima akitafuta neno anajifunza kwamba tahajia hujadiliwa kwa ushahidi.

Utajua amefaulu akisoma ukurasa mzima wa kitabu chake na kukuonesha kila ng, akisema ipi ni ipi, bila kuongeza ritifaa hata moja ambayo haipo.

## Hatua ya 7: Imla

Soma kila sentensi mara mbili, kwa mwendo wa kawaida.

1. Ng'ombe wa babu wamevuka ng'ambo ya mto.
2. Ngurumo zimenyamaza na nyota zinang'aa.
3. Mtoto ananung'unika kwa sababu jino lake limeng'oka.
4. Nguo ngumu haikauki haraka hata ukiikung'uta.
5. Kunguru amemnyang'anya mtoto andazi.
6. King'ora cha zimamoto kimetushtua tukicheza ngoma.
7. Mbwa ameng'ata ngata ya mama.
8. “Siendi, ng'o!” alisema huku akimng'ang'ania bibi mgongoni.

Kuna ng' 12 na ng 7. Sahihisha sehemu hizo 19 tu. Akikosea herufi kubwa au nukta, liache kwa leo. Ukijaza ukurasa wekundu, hataona kosa tunalolishughulikia.

Hesabu makosa kwa mafungu mawili: ritifaa zilizoachwa na ritifaa zilizozidishwa. Zilizoachwa zikiwa nyingi, rudi hatua ya 1 na ya 2. Zilizozidishwa zikiwa nyingi, rudi hatua ya 6. Zilizohama mahali zinakurudisha kwenye mkono, hatua ya 4.

Mtoto aseme mwenyewe kwa nini neno ni kosa. “Hapa nasikia g” ni jibu zuri. “Kwa sababu umelizungushia” si jibu.

Rudia imla hii baada ya wiki bila kumtangazia. Halafu subiri insha, barua kwa shangazi, chochote anachoandika akili yake ikiwa kwenye jambo lingine. Ritifaa ikikaa mahali pake humo, kazi imeisha.

## Hatua ya 8: Barabarani na kwenye simu

Mtoto akishaweza, ataanza kuona kwamba dunia haiandiki anavyoandika yeye. Vibao vya buchani vina *nyama ya ngombe*. Daladala inaweza kuandikwa *Changombe*. Mtayarishe mapema, asije akadhani amefundishwa vibaya. Mpe kidaftari anakili vibao vyenye kosa na kando yake aandike ilivyo sahihi: Chang'ombe, Lang'ata, Murang'a, Ng'ambo ya Unguja. Asimwambie mwenye bucha. Hayo ni ya daftarini.

Majina ya watu yana kanuni moja: liandike kama mwenyewe anavyoliandika. Ng'ang'a na Nyong'o yana ritifaa, nayo ni sehemu ya jina. Kuna fomu za mtandaoni zinazokataa alama hiyo, na mtoto mwenye jina la namna hii aambiwe kwamba kosa ni la fomu.

Kwenye simu ritifaa huwa kwenye ukurasa wa alama na tarakimu. Mwoneshe kidole kinakwenda wapi, kwa kuwa watoto wengi huiacha kwa uvivu wa kuitafuta tu. Asitumie kile kialama kinacholalia kushoto, `, ambacho kwenye kompyuta kipo karibu na tarakimu 1. Simu nyingi pia husahihisha maneno zenyewe kwa lugha nyingine. Zima hiyo huduma, au weka kibodi ya Kiswahili, kabla hujamlaumu mtoto.

## Matumizi mengine ya ritifaa yasubiri

Mtoto anayesoma mashairi atakutana na ritifaa inayofupisha neno ili mizani ikae sawa, kama *n'nakwenda*. Ataiona pia kwenye miaka, *'64* badala ya 1964, na aendaye madrasa ataiona katika *Qur'ani*. Hayo yana kanuni nyingine. Akiuliza, mwambie kazi yake hapo ni tofauti na mtaifikia. Usiyaingize kwenye somo hili mpaka imla ya hatua ya 7 imepita mara mbili bila ritifaa iliyozidi wala iliyopungua.